Baraza la Karani: Chupa Yenye Mizizi

Mwezi uliopita nilikuwa ofisini nikiandika vyeti vya ubatizo, mara akaingia mzee mmoja wa kigango cha mbali, amejitegemeza kwa fimbo, na kwapani amebeba kitu kilichofungwa katika kanga ya mkewe. Nikamwamkia, akaitika, akaketi, akafungua kanga. Ilikuwa chupa kubwa ya kioo. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai, na ndani yake mlikuwa na mizizi, magome, matunda madogo mekundu, na mnyama kama mjusi aliyekaushwa, amekunja mkia, akinitazama.

"Mwalimu," akasema (wazee wengi bado huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuketi kwenye meza hii), "nataka uniambie neno moja tu. Hii ni dawa au ni pombe?"

Habari yenyewe ni hii. Mwanawe ni kibarua katika kambi ya Wachina wanaotengeneza barabara. Mpishi wa kambi, Mchina mtu mzima, alielezwa habari za magoti ya mzee, akamhurumia, akampa kijana chupa ile. Lugha ilikuwa ya mikono: kijana alishika goti, Mchina akaonyesha chupa. Mzee akaanza kunywa kikombe kimoja cha kahawa kila usiku. "Siku ya kwanza midomo ilikufa ganzi," akasema, "na ulimi ukawashawasha. Hapo nikajua kwamba dawa hii si ya mchezo." Siku ya tano akaongeza kikombe cha asubuhi.

Sasa yafaa mjue kwamba mzee huyu aliacha pombe mwaka 2011, mbele ya watu, baada ya shamba lake la migomba kwisha kidogo kidogo katika vilabu. Jina lake limo katika daftari la wale walioahidi. Mkewe ndiye aliyemtuma kwangu, naye hakuja kwa furaha. Alikuwa na hoja yake tayari: kwamba Mtakatifu Paulo alimshauri Timoteo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, "na Timoteo alikuwa askofu, Mwalimu, mimi ni mkulima tu."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie chupa, nikaiweka katika kabati nyuma ya vitabu vya ubatizo, nikaanza kusoma. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata kuhusu Wachina na dawa zao za kileo. Mzee ameniruhusu kuyaandika, sharti nisitaje jina lake.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kwa Wachina wa kale swali la mzee lisingekuwa na maana. Maandishi yao si herufi kama zetu; kila neno lina alama yake, na alama kubwa huundwa kwa vipande vya alama ndogo. Alama ya kale ya neno "tabibu" ina kipande cha chini ambacho ni picha ya mtungi wa pombe. Ipo na namna nyingine ya kale ya kuliandika neno lilo hilo, ambayo mahali pa mtungi pamewekwa alama ya mganga wa pepo. Katika miaka ya 1950 serikali ya Uchina ilirahisisha maandishi ili watu wengi wajue kusoma, na katika alama mpya mtungi umeondolewa. Katika makabati ya watu haukuondolewa.

Nao ni mtungi wa zamani sana. Katika kijiji cha kale kiitwacho Jiahu, jimbo la Henan, wachimbaji walipata vigae vya vyungu vya miaka 9,000 hivi iliyopita. Mwaka 2004 Mmarekani Patrick McGovern pamoja na wenzake Wachina walitangaza kwamba vigae vile vilikuwa vimenywea kinywaji kilichochachishwa kwa mchele, asali na matunda. Huo ni ushahidi wa pombe wa zamani kupita karibu wote ulimwenguni.

Akina mama wanaojua kupika pombe ya ulezi watapenda kusikia jinsi Wachina wanavyoifanya yao, kwani si kama sisi. Sisi huloweka nafaka, tukaiotesha, tukaianika na kuisaga: ndicho kimea. Kimea hugeuza unga kuwa sukari, kisha chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Wachina hawakushika njia ya kimea. Wao hufinyanga matofali ya ngano au mchele, huyaacha mahali penye joto mpaka yaote ukungu, kisha huyakausha. Ukungu ule hufanya kazi ya kimea, na chachu nayo hukaa humo humo. Kazi mbili hufanyika katika mtungi mmoja kwa wakati mmoja. Tofali hilo huitwa qu, tamka "chu". Pombe ya mchele itokayo hapo huwa na sehemu 15 hivi za kileo katika sehemu 100, ambazo si haba. Na lipo tofali la namna hiyo ambalo waganga wao huligawa kuwa dawa ya tumbo lililovimbiwa. Yaani tangu kwenye chachu yake, pombe ilikuwa imekwisha kuingia katika sanduku la dawa.

Pombe ya kupikwa na kutoneshwa kwa mvuke, kama gongo letu, ilikuja nyuma sana. Mganga Li Shizhen, ambaye tutakutana naye tena, aliandika kwamba njia hiyo si ya kale, bali ilianza wakati wa ufalme wa Wamongolia, yaani kati ya mwaka 1271 na 1368. Pombe hiyo huitwa "pombe nyeupe", na nyingi yake hufika sehemu 50 katika 100 au kupita. Chupa ya mzee, kwa harufu yake, ilikuwa ya ukoo huo.

Je, kwa nini watie dawa katika pombe? Waganga wa Kichina hufundisha kwamba kila kitu kina tabia ya joto au ya baridi. Tao Hongjing, aliyeishi kati ya mwaka 456 na 536, alitoa ushahidi wa mtu mwenye macho: baridi kali hugandisha hata bahari, lakini pombe haigandi, basi pombe ina joto kupita vitu vyote. Kwa kuwa ni ya moto, walisema, huamsha damu, hufungua njia zake, na huichukua dawa mpaka mahali penye ugonjwa, kama punda achukuavyo mzigo. Pale Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, mwaka 1973 lilifunguliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 Kabla ya Kristu, nalo lilikuwa na vitabu vya dawa vilivyoandikwa juu ya hariri. Humo mna dawa za kunywewa kwa pombe. Zhang Zhongjing, tabibu mkuu wa karne ya 2, aliwapa wanawake wenye maumivu ya tumbo ua jekundu lililochemshwa katika pombe. Hata leo mizizi mingine hukaangwa kwa pombe kabla ya kuuzwa dukani, ili nguvu yake, wasemavyo, ipande juu mwilini.

Elimu ya leo ina maelezo mengine. Vitu vingi vyenye nguvu katika mizizi haviyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika kileo. Kwa hiyo wale wazee hawakukosea walipoona kwamba mzizi katika pombe una nguvu kuliko mzizi katika maji. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Lakini tusidhani kwamba pombe hizi zilikuwa za wagonjwa tu. Zilikaa katika maisha ya nyumba tangu kuzaliwa. Katika mji wa Shaoxing, mtoto wa kike akizaliwa, baba alijaza mitungi pombe ya mchele, akaifunga kwa udongo na kuizika; siku ya arusi ya binti mitungi ilifukuliwa na wageni wakanywa. Pombe hiyo huitwa "binti mwekundu", kwani nyekundu ndiyo rangi ya arusi. Kusini, kwa watu wa Guangdong, mama aliyejifungua hukaa ndani mwezi mzima na kupikiwa kuku kwa tangawizi na pombe ya mchele, ili mwili upate joto na maziwa yatoke. Kuku na tangawizi sina neno. Lakini madaktari wa leo hukumbusha kwamba kileo anachokunywa mama huingia katika maziwa, na mtoto hana mahali pa kukipeleka.

Siku ya mwaka mpya walikunywa pombe ya mitishamba iitwayo tusu, ya kuzuia magonjwa ya mwaka unaoingia. Desturi yake ingewaudhi wazee wetu: aliyeanza kunywa ni mdogo kuliko wote, na mzee wa nyumba alikuwa wa mwisho. Walisema mtoto amepata mwaka, apongezwe. Mzee amepoteza mwaka, asiharakishwe.

Siku ya 5 ya mwezi wa 5 ilikuwa na pombe yake tena, nayo ni ya kutisha. Walitia ndani unga wa jiwe la rangi ya machungwa lenye sumu ya aseniki, wakaamini kwamba hufukuza nyoka, nge na pepo wabaya. Watoto wasioweza kunywa walichorwa kwa unga huo alama ya "mfalme" kwenye kipaji cha uso, ili wafanane na chui milia. Kila mtoto wa Kichina ajua hadithi ya nyoka mweupe aliyejigeuza mwanamke mzuri, akaolewa na kijana mwema. Siku hiyo ya sikukuu mumewe akamshawishi anywe kikombe kimoja tu. Akanywa, akarudi kuwa nyoka kitandani, na mume akaanguka akafa kwa hofu. (Baadaye mke alimtafutia dawa akafufuka, maana hadithi ni hadithi.) Siku hizi madaktari wa huko hukataza kuinywa pombe hiyo, kwa kuwa aseniki haifukuzi nyoka bali huua watu polepole.

Basi tuje kwenye maumivu, kwani mzee wetu alikwenda kwenye chupa kwa maumivu ya goti. Historia za Uchina zasimulia habari za tabibu Hua Tuo, aliyekufa mwaka 208 hivi. Huyu aliweza kumpasua mtu tumbo baada ya kumnywesha unga fulani kwa pombe, akalala kama mlevi asiyesikia kitu. Mtawala Cao Cao, aliyekuwa na maumivu ya kichwa, alimtaka awe tabibu wake peke yake. Hua Tuo akaenda kwao akachelewa kurudi makusudi, basi akatiwa gerezani na kuuawa. Yasemekana kwamba usiku wa mwisho alimpa mlinzi kitabu chake cha dawa, mlinzi akaogopa kukipokea, naye akakichoma moto. Unga ule haujulikani mpaka leo.

Ila mganga Li Shizhen alikuwa na fununu. Li aliishi kati ya mwaka 1518 na 1593, akakaa miaka 27 akitunga kitabu kikubwa chenye dawa 1,892, kilichotoka baada ya kufa kwake. Katika kitabu hicho yumo mnanaha, jamaa wa huo mnanaha wenye ua jeupe kama tarumbeta unaoota kwetu kwenye majalala. Watu walimwambia kwamba ukilichuma ua hilo ukicheka na kulitia katika pombe, anywaye hucheka. Ukilichuma ukicheza ngoma, naye hucheza. Li hakuandika tu alivyosikia. Alijaribu mwenyewe! Akaona kwamba mtu hunywa mpaka anapolewa nusu, kisha mwenzake akicheka au akicheza mbele yake, naye hufuata. Akaeleza pia kwamba ua hilo pamoja na ua la bangi, vikitwangwa na kunywewa kwa pombe moto, humlaza mtu hata majipu yake yakatwe asione uchungu. Huko Japani, mwaka 1804, daktari Hanaoka Seishū alimkata mwanamke uvimbe wa saratani ya ziwa akiwa amelala kwa dawa yenye mnanaha, zaidi ya miaka 40 kabla ya hospitali za Marekani kuanza kutumia etha. Yasimuliwa kwamba mkewe Hanaoka alijitoa kujaribiwa dawa hiyo, akapofuka macho. Wazazi, mnanaha ukiota karibu na nyumba, ng'oeni. Mbegu zake huwatia watoto wazimu na huweza kuwaua.

Watu wanaojua sana nguvu ya kitu ndio wanaojua pia kukiogopa. Wachina wana hadithi ya mfalme wao wa kale Yu: mtu mmoja alimletea pombe ya kwanza, mfalme akaonja, akaiona tamu, naye papo hapo akamfukuza yule mpishi, akasema watakuwako wafalme watakaopoteza nchi kwa kinywaji hiki. Katika vitabu vyao vya kale mna tangazo zima la watawala wa Zhou, miaka 3,000 hivi iliyopita, la kukataza ulevi. Waliokutana makundi kunywa walitishiwa kifo. Kitabu cha dawa kilicho mama wa vyote chaanza na swali la Mfalme wa Manjano: mbona watu wa zamani waliishi miaka mia, na wa leo wachakaa wakiwa na hamsini? Na katika sababu za kwanza anazopewa ni kwamba wa leo hunywa pombe kama uji. Li Shizhen naye alisema kidogo huchangamsha damu, nyingi huharibu mwili. Ningependa kuishia hapo kwa Li, kwani ni maneno yanayopendeza kilabuni. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na kwa Wachina wengi mwili wenyewe husema: zaidi ya theluthi moja ya watu wa pande zile wana upungufu wa kuzaliwa nao, hata wakinywa kikombe kimoja uso huwa mwekundu na moyo kwenda mbio, nao hupata saratani ya koo la chakula upesi zaidi wakiendelea.

Sasa nirudi kwa mzee na chupa.

Siku ya tatu baada ya kuniachia, nikaona kwamba kwenye kioo, chini, mna kipande cha karatasi chenye alama mbili za wino. Nikaipiga picha kwa simu, nikampelekea kijana wake kambini. Kijana alimwonyesha mpishi, na mpishi, alivyonieleza kijana baadaye, alishika kichwa kwa mikono miwili. Mkalimani akaitwa. Alama ya kwanza ni "nje", ya pili ni "tumia". Ilikuwa dawa ya kuchua! Wachina wana pombe za kunywa na pombe za kupaka juu ya misuli na viungo vilivyoumia, na mpishi alipoonyesha chupa alidhani goti lajieleza.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya midomo kufa ganzi. Katika dawa zao za viungo hutumika sana mzizi uitwao akoniti, ambao ni sumu kali. Waganga huuchemsha saa nyingi ili ukali upungue kabla ya kumpa mtu. Lakini mzizi mbichi ukilowekwa katika pombe, kileo huivuta sumu yote. Dalili yake ya kwanza ni hiyo hiyo: ganzi ya midomo na ulimi. Kisha moyo hupoteza mwendo. Huko Uchina kwenyewe watu wamekufa kwa kunywa pombe za namna hii zilizotengenezwa nyumbani, na wengine kwa kunywa ile ya kuchua. Mzee wetu aliichukua dalili ya sumu kuwa nguvu ya dawa.

Nikapanda baiskeli jioni ile ile nimpe habari. Nilimkuta mkewe mlangoni. Mzee alikuwa ndani, amelala, moyo ukienda mbio na kusita. Kumbe kabla ya kuniletea chupa alikuwa amemimina nusu yake katika chupa ya soda na kuificha ghalani.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nikimshika nyuma. Alilazwa siku tatu. Daktari alisema amebahatika, na kwamba magoti yake yana ugonjwa wa kawaida wa wazee ambao una dawa zake.

Nilipokwenda kumtazama aliniuliza jambo ambalo nililitazamia: "Mwalimu, ahadi yangu imevunjika?" Nikamwambia hilo si la karani, ni la Padre. Akasema Padre amekwisha kuja, naye hakumuuliza habari za mizizi hata kidogo; alimuuliza tu, "Kile kikombe cha asubuhi, goti ndilo lililokuomba?"

Basi nikamsimulia habari niliyoipata katika kusoma kwangu, nami naileta kwenu pia.

Afyuni, ambayo kwa Kiswahili yaitwa pia kasumba (na neno hili sasa twalitumia kwa mawazo yanayomganda mtu asiweze kuyaacha, wala si ajabu), ililetwa Uchina na wafanyabiashara Waarabu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nayo ilikuwa dawa kamili: ya kuhara, ya kikohozi, ya maumivu. Karne nyingi ilikaa hivyo. Baadaye watu wakajifunza kuivuta kama tumbaku, na mwaka 1729 Mfalme wa Uchina akapiga marufuku. Wafanyabiashara Waingereza wakazidi kuileta kutoka Bara Hindi. Mwaka 1839 mkuu Lin Zexu aliteketeza masanduku zaidi ya 20,000 pale Humen, akiyachanganya na chumvi na chokaa na kuyamwaga baharini. Uingereza ikaja na manowari, na Uchina ikashindwa mwaka 1842. Chuoni tulifundishwa vita hivyo kwa mistari mitatu tu, na hatukuambiwa kwamba mzizi wake ulikuwa dawa ya tumbo. Baada ya vita vya pili, vilivyokwisha mwaka 1860, afyuni iliuzwa wazi. Hata vidonge vya kuwaachisha watu afyuni vilitiwa mofini, ambayo ni afyuni iliyokolezwa, na kwa kuwa baadhi ya wamisionari walivigawa, watu waliviita "afyuni ya Yesu".

Wakati huo, katika jimbo la Hebei, aliishi Mkatoliki mmoja jina lake Marko Ji Tianxiang, aliyezaliwa mwaka 1834. Alikuwa tabibu, mtu wa heshima, aliyewatibu maskini bure. Akaugua tumbo, akajitibu mwenyewe kwa afyuni, kama tabibu yeyote wa siku zile angefanya. Tumbo likamletea kiu nyingine. Aliungama, akaanguka, akaungama tena, mpaka padre wake, ambaye kwa elimu ya siku zile aliona kwamba mtu huyu hana nia ya kweli ya kuacha, akamwambia asirudi kitubioni mpaka ameacha. Hakuweza kuacha. Akakaa miaka 30 bila Komunyo, na miaka yote hiyo hakuacha kwenda kanisani, watu wakimtazama. Mwaka 1900, Wakristu walipokuwa wakiuawa katika maasi ya Mabondia, alikamatwa pamoja na mwanawe, wake za watoto wake na wajukuu. Aliwaomba wauaji wamwue yeye mwisho, ili asiwepo mtu wa nyumba yake atakayekufa peke yake. Wakamkubalia. Mnamo tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wafiadini wenzake wa Uchina, 120 kwa jumla.

Mzee alisikiliza macho yakiwa juu darini. Alikaa kimya kitambo, hata nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Huyo Marko, tumbo lake lilipona?"

Nikamwambia vitabu nilivyosoma havisemi.

"Hawaulizi," akasema, akajigeuza upande wa pili, akaniomba nimsogezee mto chini ya goti.